Mbona paka wenye mabaka ni majike tu?

Muulizaji: Asalaam aleikum. Hapa Langoni, Lamu, paka wetu wa mabaka meusi na ya manjano amezaa dume wa manjano na jike wa mabaka. Mbona madume wa mabaka hatuwaoni?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Jeni (chembe ya urithi) inayoamua rangi hizo imo katika kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zibebazo jeni ndani ya seli. Jike hurithi X mbili, moja kwa kila mzazi, ilhali dume hupata moja tu, ya mamake, na kwa babake hupata Y, kromosomu ya kiume. Kila seli ya jike huizima X moja angali tumboni; X moja ikiwa na weusi na nyingine na manjano, seli nyingine hutoa weusi na nyingine manjano, ndipo mabaka yakatokea ovyo.

Jibu: Dume wa mabaka yupo, ila ni nadra, kwa kawaida ana XXY, yaani X mbili na Y moja, naye huwa tasa.

Muulizaji: Shukrani. Kumbe weusi wa babake, yule mlala barazani, haukumfikia mwanawe wa kiume?

Jibu: Hata kidogo, alimpa Y.