Mrejesho: kelele ya injini imekwisha

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu injini ya gari langu iliyogonga tak-tak-tak kila asubuhi, kisha ikatulia ikipata moto. Wengi mlishuku vali, na fundi mmoja hapa Kisumu alitaka kuifungua yote. Nashukuru mlionizuia!

Fundi mwingine, wa Kibuye, alipima oili kwanza: iko sawa. Kisha, injini ikiwa baridi, akanyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifodi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini) na kuiwasha injini. Mapovu hapo hapo, na masizi pembeni. Gasketi, kile kipande chembamba cha kuziba maungio, ilikuwa imeungua, na moshi uliovuja hapo ndio uliotoa ile tak-tak. Chuma kikipata moto hupanuka na kuziba mwanya, ndiyo maana kelele ilipotea. Ameweka gasketi mpya na kubadilisha boliti moja iliyokatika. Nimepanda hadi Kericho na mzigo, kimya kabisa. Asante sana uliyetaja ekzosi.