Mrejesho: Nilivyokipima kifaa chenye zana nyingi kabla ya kukinunua

Niliwauliza namna ya kutambua kama koleo la kukunja, lenye kisu, bisibisi na msumeno ndani ya mikono yake, limeundwa kwa uimara au litalegea mapema. Ahsanteni kwa majibu yenu. Sasa nina ya kusimulia.

Kipimo kilichonisaidia zaidi ni kile cha mwanga. Nililifumba koleo la zamani, nikaliinua mbele ya taa, nikaona nuru ikipenya katikati ya ncha zake, ilhali hilo jipya limefumba kabisa. Si ajabu kwamba lile la zamani, ambalo kwa ukaidi wangu nililitumia kukatia waya mgumu wa chuma, lilimeguka makali sehemu mbili.

Kisha nilifungua kisu cha koleo jipya, nikashika ubapa wake na kuutikisa kushoto na kulia. Ulicheza kidogo, lakini kwa kuwa kiungo kimefungwa kwa skrubu na si kwa ribiti iliyogongwa (pini ya kudumu isiyokazika), niliikaza skrubu hiyo robo mzunguko, mchezo ukaisha na kisu kikaendelea kufunguka kwa wepesi.

Kuhusu chuma, nilichagua 420HC, aina ya chuma cha pua, ambacho hunoleka kwa urahisi na hustahimili kutu, ingawa makali yake hayadumu kama ya vyuma vya bei ya juu. Uzito, niliouamini mno hapo awali, haukunieleza lolote: lile koleo bovu la zamani ndilo zito zaidi.