Socrates kagoma kutoroka jela, mbona kortini aliwaambia hatawatii?

baraza_la_shangani
Wakuu habari za jioni. Huku Mtwara tuna kijiwe chetu pale Shangani, siku hizi mpira tumeuweka pembeni kidogo tunasoma mazungumzo ya Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeandika habari za mwalimu wake Socrates, mmoja anasoma kwenye simu wengine tunasikiliza afu ubishi unaanza. Apology, ile ya Socrates kujitetea kortini, tumemaliza, juzi tukaingia Crito, ile ya kule jela, na hapo ndo kijiwe kikagawanyika.

Iko hivi. Kwenye Apology mzee Socrates ana miaka 70, kashtakiwa haamini miungu ya mji na anaharibu vijana, anasimama anawaambia hata mkiniachia kwa sharti niache kuwauliza watu maswali nitamtii mungu kuliko nyinyi. Kibabe kabisa. Haya, njoo Crito. Kahukumiwa kifo ila hawawezi kumuua mpaka ile meli ya ibada irudi kutoka kisiwa cha Delos, rafiki yake Crito anaingia gerezani alfajiri (askari wa mlangoni alishampa chochote kitu, haya mambo hayajaanza leo), anamkuta mzee kalala fofofo, anakaa kimya anamwangalia tu hataki kumwamsha. Akiamka anamwambia hela ipo, kule Thessaly nje ya Athens kuna watu wangu watakupokea, twende. Mzee anakataa, eti Sheria za Athens zingemwambia sisi ndo tuliokulea, nchi ni zaidi ya baba na mama, uishawishi au uitii.

Sasa tushike lipi? Hatii au anatii? Wenzangu wengine wanasema Plato kajichanganya, wengine wanasema mzee alishachoka kuishi tu.

mwalimu_masasi
Kaka hapo hajajichanganya, watu wanarukia hotuba ya Sheria wanaacha alichosema kabla yake. Kabla Sheria hazijafungua mdomo anamkubalisha Crito jambo moja, kwamba haifai kutenda dhuluma kabisa, hata ukiwa umedhulumiwa usilipe kwa dhuluma. Ukilishika hilo mengine yanakaa sawa. Kuamriwa UTENDE uovu na kuhukumiwa UTENDEWE uovu ni vitu viwili. Mwaka 404 KK wale watawala Thelathini walivyochukua nchi walimwita yeye na wenzake wanne wakamlete Leon wa Salamis auawe, wale wanne wakaenda, yeye akashika njia akarudi zake nyumbani. Hakupiga kelele, hakukimbia mji, ila mkono wake hakuutoa. Huyo huyo ndo anakubali kunywa sumu mwaka 399 KK, maana kwenye sumu anayedhulumu siyo yeye.

Na msisahau kortini alipewa nafasi ya kujipendekezea adhabu. Angesema nihamisheni mji huenda wangekubali. Yeye akasema mnilishe bure pale Prytaneion, jumba la mji, kama washindi wa Olimpiki 😂 baadae ndo akashuka mpaka faini ya mina 30 (hela za huko), tena wadhamini ni kina Crito na Plato mwenyewe. Sasa mtu aliyekataa kuhama kihalali mchana kweupe, aje atoroke usiku kajifunika ngozi?

mkorosho_newala
Mwalimu kaongea. Mi naielewa kihuku kwetu, ni kama mkulima wa korosho yuko chama cha msingi cha ushirika miaka yote, pembejeo anachukua, bei ya mnada ikiwa nzuri anajisifu, siku mambo yakimwendea kombo anauza kangomba usiku, yaani kwa walanguzi nje ya chama. Socrates alikaa Athens miaka 70, hatoki ila vitani na mara moja kwenda kuangalia michezo kule Isthmus, na ruhusa ya kubeba vyake akahamie anapotaka ilikuwepo. Faida umekula, hasara utaikimbiaje.

baraza_la_shangani
Hapo kwenye kangomba umegusa penyewe mkuu, ila ujue anayeuza kangomba mara nyingi ana mtoto anadaiwa michango shule na malipo ya korosho hayajaingia. Utamwambia alikubali? Alikubali alipwe, siyo asubiri.

bibi_wa_lindi
Wanangu mmenifurahisha, ila mbona hamna hata mmoja aliyetaja watoto? Crito alimwambia wazi, unawaacha yatima na uwezo wa kuwalea unao. Alikuwa na wavulana watatu, mmoja ndo kijana kijana, wawili bado wadogo kabisa. Jibu lake likawa marafiki watawaangalia. Mimi nimelea wajukuu, najua hao marafiki wanavyoonekana arobaini ikishapita. Afu kwenye Phaedo, mazungumzo mengine ya Plato, siku yenyewe ya kufa mkewe Xanthippe yuko mle ndani na mtoto mikononi, akaanza kulia, mzee akasema mtu ampeleke nyumbani, wanaume wakabaki wanajadili roho mpaka jua linazama.

mwalimu_masasi
Bibi shikamoo. Hilo sina jibu la kukuridhisha, Socrates anasema watoto na uhai visitangulie mbele ya haki, na ndo msimamo mgumu kuliko yote humo ndani. Ila watoto hakuwasahau, kortini aliwaomba haohao waliomhukumu kwamba wanawe wakikua wakapenda hela kuliko wema wawasumbue kama yeye alivyowasumbua wao.

Kingine, mwisho wa Crito anasema maneno ya Sheria yanamvumia masikioni kama filimbi kwa wale Wakoribanti wa ngoma za kupandisha, hasikii lingine. Mtu aliyezoea kumhoji kila mtu leo kazibwa masikio na filimbi? Mi naona Plato anatuachia mlango tuzihoji hizo Sheria wenyewe.

bibi_wa_lindi
Marahaba baba. Kama mlango uko wazi basi naanza mimi. Sheria zinasema asiyetupenda achukue vyake aondoke. Socrates sawa. Xanthippe angechukua nini, aende wapi? Na mtumwa wa Athens je, yeye alikubaliana nazo lini? Tena Sheria zinamwambia Socrates kwamba akitoroka atakuwa amefanya kama mtumwa duni kabisa. Mkikaa hapo Shangani lisomeni hilo kwanza afu mniletee majibu, mi nipo.