Mfupa wa kutengenezwa: mdogo wangu apewe huo au achukuliwe wa nyonga?

Mtu wa Chikongola: Wadau wa kusini habari zenu, naombeni msaada wa mawazo maana nyumbani hatulali. Mdogo wangu alipata ajali ya boda mwaka jana barabara ya Masasi, muundi ukavunjika mfupa ukatoka nje. Hospitali ya kwanza wakamfunga hogo (plasta ngumu) juu ya kidonda hivyohivyo, kuja kufungua usaha umeshaingia mfupani. Sahivi yuko kwingine kafungwa antena, vile vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa, na wamekata kipande chote kilichooza, nikiinua picha ya eksirei dirishani naona pengo la vidole viwili mwanga unapita. Daktari anasema patajazwa mfupa wa nyonga yake mwenyewe, uchanganywe na wa kutengenezwa kiwandani. Bimkubwa kagoma, anasema wa kiwandani ni wa nguruwe au wa maiti, na nyonga ya mwanae haiguswi. Mimi nilidhani ni plastiki. Ni kitu gani hasa hiki, na kinashika kweli?

nesi wa pwani: Pole sana kaka, na bimkubwa mfikishie pole yangu. Niko wodi ya mifupa huku Lindi, nakwambia nilichokishika. Vinakuja kwenye kichupa, chembechembe nyeupe kama chenga za makopa, ukiangalia karibu zina vitundu vitundu. Plastiki hapana, ni kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale yaliyomo kwenye mfupa wako, yametengenezwa maabara yakachomwa kwenye tanuri. Lakini mama hajakosea kuuliza, ipo kweli mifupa inayotoka kwa ng'ombe, kwa nguruwe na kwa marehemu, ile ni aina nyingine kabisa. Mwambieni daktari waziwazi mnataka isiyotoka kwa kiumbe, kwenye boksi huwa imeandikwa.

Sasa kuhusu kushika. Zile chembe peke yake hazigeuki kuwa mfupa, mishipa ya damu ndo inapenya kwenye vile vitundu, seli zinafuata zinajenga mfupa mpya huku madini yanayeyuka taratibu. Nyumba ya udongo si unaijua, ukishasimamisha fito bila mtu wa kukandika zitabaki fito mpaka mchwa wazile. Mkandikaji ni mwili wa dogo. Ndo maana daktari kang'ang'ania nyonga, ule mfupa unakuja na seli hai, hizi za kiwandani zinaongeza ujazo ili asichimbe sana. Pengo kubwa hivyo chembe tupu mimi nisingekubali kwa ndugu yangu. Halafu usaha uishe KWANZA, ukijaza juu ya usaha kila kitu kitatoka tena, nimeona mtu kajaziwa mara mbili.

Mkaa Mikindani: Naongezea hapo kwenye vitundu maana sisi tumekua navyo. Zile nyumba za zamani za Mikindani na magofu ya Kilwa Kisiwani ni mawe ya matumbawe, ukivunja kipande ndani ni vitundu tupu. Wataalamu waliona baadhi ya matumbawe vitundu vyake vinafanana na vya mfupa, wakayapika na fosfeti kwa joto na presha, ile chokaa ikageuka madini ya mfupa na vitundu vikabaki palepale, hospitali zikaanza kuyatumia. Hata jasi, kama hii inayochimbwa Kilwa, Mjerumani Dreesmann aliielezea mwaka 1892 kwa kujazia mashimo ya mifupa, ila jasi mwili unaimaliza ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla mfupa haujajaa. Hizo chembe za kalsiamu na fosfeti zipo za aina mbili kubwa: trikalsiamu fosfeti inachukua kama miezi 6 mpaka 18 kuyeyuka, haidroksiapataiti inakaa miaka. Na tafadhalini sana, asitokee mtu akasaga matumbawe ya ufukweni akapaka kidonda, yale ni machafu.

Newala mpaka Dar: Kaka mimi ni kama mdogo wako, pengo langu lilikuwa sentimita 5. Walinifanyia mara mbili, kwanza wakaweka saruji ya mifupa yenye antibayotiki, wiki 7 mwili ukaota utando kuizunguka, ndo wakatoa saruji na mule ndani ya utando wakajaza mfupa wa nyonga na hizo chembe. Sitamdanganya bimkubwa, nyonga iliniuma kuliko mguu, siku kumi sikuweza suruali nilishinda na msuli. Ila ikapoa. Baada ya miezi kumi na moja nikatupa magongo. Antena usiidharau, chembe zile ni kama chaki haziwezi kubeba mtu, kwahiyo asikanyage mpaka aambiwe. Na je anavuta sigara? Daktari aliniambia moshi unabana mishipa ya damu na mfupa unachelewa, niliacha siku ileile.

Mtu wa Chikongola: Mungu awabariki. Anavuta, na bimkubwa alikuwa hajui mpaka nilipomsomea hapa, ameenda kuchukua pakiti chini ya mto. Jumatatu tunarudi kliniki nitauliza kipimo cha damu kinasemaje kuhusu usaha, na hiyo saruji ya dawa. Nyonga kakubali. Lakini boksi kasema nimpigie picha alisome mwenyewe kabla dogo hajaingia tieta.