Nimekabidhiwa kijiti cha meno na kuambiwa ndilo fungu langu la msitu

Mama Miche:
Ndugu zangu, ninaandika mikono ikitetemeka, wala si kwa baridi ya huku Aberdare. Yule bwana sote tunamjua, ambaye tumbo lake hufika barazani dakika tano kabla yake mwenyewe, leo amenipa kijiti cha meno. Wala hakikuwa kipya. Alikuwa akikitumia kuchokoa nyama ya mbuzi ambaye, ukiniuliza mimi, alinunuliwa na wenye malori.

Baraza liliitishwa ili tuelezwe kwa nini misumeno ya injini inalia msituni tangu alfajiri, ilhali hakuna mwanakijiji aliyeulizwa neno. Nilisimama kwa adabu, nikamwamkia, nikamkumbusha kwamba kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira, na kwamba msitu wa umma si shamba la urithi la shangazi yake. Kisha nikamwuliza iwapo kibali cha kuvuna misaiprasi ya kupandwa iliyokomaa kinaruhusu pia mitarakwa, miti ya asili iliyokuwako kabla babu zetu hawajazaliwa, kwa maana magogo mekundu niliyoyaona chini ya turubai hayangemdanganya hata kipofu: mtarakwa ukikatwa, harufu yake hufika barabarani kabla ya lori.

Alinisikiliza huku akichokoa. Nilipomaliza, alikitoa kijiti kinywani, akakifuta kwenye suruali, akaninyooshea mbele ya kijiji kizima na kusema, "Shika, mama yangu. Hili ndilo fungu lako la msitu." Watu wakaangua kicheko. Chifu alicheka hadi kofia ikamdondoka. Mume wangu, niliyempikia chai ya maziwa asubuhi hii hii, naye alicheka, ingawa anashikilia kwamba alikuwa akikohoa.

Lakini kilichonivunja kabisa ni kwamba nilikipokea. Tulivyolelewa, mtu akikunyooshea kitu hadharani hukiachi kikining'inia hewani, basi mkono ukatangulia akili. Nilikipokea, ndugu zangu, kwa mikono miwili! Hivi sasa kiko mezani mbele yangu, na bado kina nyama.

Fundi Randa:
Pole sana, mama, ila nasi tusikilizwe. Misitu ya Kenya ilipofungwa isikatwe miti, Februari 2018, sisi wenye karakana tulikaa tukitazamana na randa zetu miaka mitano, hadi Rais Ruto alipotangaza akiwa Molo, Julai 2023, kwamba miti ikatwe. Kabla hatujamaliza kunoa misumeno, Chama cha Wanasheria kikakimbilia mahakamani na agizo hilo likasimamishwa. Misonobari ya serikali ilipandwa ili ivunwe, na ukiiacha izeeke itaozea ilipo.

Mama Miche:
Kuhusu misonobari sikusema neno. Nilisema mitarakwa, nikapewa kijiti. Nisome vizuri, kaka.

Kuni Mbichi:
Profesa Wangari Maathai alipigwa Karura mnamo Januari 1999 hadi kichwa kikapasuka, akaenda kituo cha polisi akatia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wewe umepewa kijiti, na tayari umetuandikia kurasa mbili.

Mama Miche:
Ningalipigwa rungu, ningalijaziwa fomu ya P3, ile ya polisi ya waliojeruhiwa. Kwa kijiti kilichokwisha kutumika, mzee wangu, kuna fomu gani?

Kuni Mbichi:
Nenda kwa daktari wa meno.

Nyasi Kavu:
Angalau wewe uliondoka na kitu. Mimi hulipia ng'ombe wangu kila mwezi ili wapate ruhusa ya kulisha humo msituni, na tangu malori hayo yaanze kupita, njia imekuwa tope tupu na ndama wangu amevunjika mguu. Nilipokwenda kulalamika kwa bwana huyo huyo, aliniuliza kama nyama ya ndama ni laini.

Mama Miche:
Sasa mnaona? Kijiti kile kilikuwa na maana!

Mufindi Baridi:
Sisi wa Mufindi, tunaoishi jirani na shamba la miti la Sao Hill, tunawasoma kwa huruma, ingawa nami nina langu. Misitu yenu ilipofungwa, mlikuja Tanzania kutafuta mbao, na Mkenya mmoja alichukua shehena yangu mwaka 2019 akiahidi kulipa Ijumaa. Hakutaja ni Ijumaa ya mwaka gani.

Fundi Randa:
Mbao hizo zilikuwa mbichi. Zilianza kupinda kabla hazijafika Namanga.

Mufindi Baridi:
Kumbe ni wewe?

Fundi Randa:
Nimesema tu kwa jumla.

Mama Miche:
Ninawaomba turejee kwenye kijiti. Ninaandika barua ya malalamiko kuhusu mitarakwa, na ninakusudia kukiambatisha ndani ya bahasha kama kilivyo.

Nyasi Kavu:
Fundi, mlipe mwenzako kwanza. Zilikuwa mbao ngapi?

Mufindi Baridi:
Mia mbili na arobaini, na hakuna hata moja iliyopinda.

Kuni Mbichi:
Mpe kijiti, mkatane deni.

Fundi Randa:
Mheshimiwa wa Mufindi, nitumie namba yako faraghani. Nitakulipa Ijumaa.