Hivi wanafalsafa hukosoa kabla ya kuelewa?

Muulizaji, Uyole:
Habari zenu wakuu. Nasoma falsafa mwaka wa pili hapa Mbeya, na kuna jambo linaninyima usingizi. Wiki iliyopita tulipewa kumsoma George Berkeley, yule askofu wa Ireland aliyeandika mwaka 1710 kwamba vitu tunavyoviona na kuvigusa haviwezi kuwepo nje ya akili inayovihisi. Nikasoma kurasa sita, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Na jiwe je?" Ukurasa wa pili yake: "Uongo." Darasani nako moto uleule. Dakika kumi hazijapita, Berkeley kaisha.

Jumamosi nikaendelea kusoma. Kumbe pingamizi la jiwe alishalitaja mwenyewe, na akalijibu! Hasemi jiwe si gumu. Anachokataa ni ile maada isiyohisiwa na yeyote, inayodaiwa kujificha nyuma ya ugumu huo. Bado sikubaliani naye, ila nilikuwa nampinga mtu nisiyemjua. Falsafa ndiyo inatulea hivi?

Mchangiaji, Iringa:
Mdogo wangu, haraka ndiyo yenye kosa. Mtazame al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Kabla ya kuwashambulia wanafalsafa katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, aliandika kitabu kizima kueleza wanachosema, Maqasid al-Falasifa. Alieleza vizuri mno, hata wasomi wa Ulaya waliokisoma hicho kwa Kilatini wakamdhania ni mmoja wa wanafalsafa hao. Na Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyewatetea wenzake, alipokuja kumjibu al-Ghazali, alimnukuu kipande kwa kipande kwanza.

Mchangiaji, Tukuyu:
Naomba nipishane nanyi kidogo. Mimi ni fundi wa magari. Gia boksi ya Fuso huielewi kwa kuikodolea macho. Unaifungua, unauliza meno haya yameliwa na nini. Hilo swali la jiwe ndilo lililokurudisha kitabuni Jumamosi. Ungekaa kimya kwa heshima, ungerudi? Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimbana mtu kwa maswali mpaka mwenyewe aone hajui alichokuwa anasema. Kilichoharibu ni "Uongo". Pale ulifunga boneti.

Muulizaji, Uyole:
Asante kaka fundi, asante mkuu wa Iringa. Wino mwekundu haufutiki, kwa hiyo chini ya "Uongo" nimeandika kwa penseli anachosema Berkeley, kwa maneno ambayo naamini yeye angeyakubali. Mistari minne tu, imenila jioni nzima. Swali la jiwe nimeliacha palepale.