Mapenzi ya timu ya nyumbani yanaingiaje mwilini? Mwanangu ana miaka 8

BabaWaMzunguko (swali)

Wakuu, naomba mawazo yenu, hasa nyie ambao timu zenu si kubwa.

Mimi ni shabiki wa timu ya mji wetu tangu nikiwa darasa la pili. Sasa nina miaka 41. Katika muda wote huo tumeshuka daraja mara mbili, tumepanda mara moja, na kombe tulilobeba ni moja tu. Sijawahi kufikiria kuhama. Mtu akiniuliza kwa nini, nashindwa kumjibu. Nakumbuka tu marehemu mama akinishika mkono getini, halafu nakumbuka nikiwa mtu mzima na kadi ya uanachama mfukoni. Hapo katikati palitokea nini, sijui.

Kijana wangu ana miaka 8. Anavaa jezi ya timu ya Ulaya na anawajua mpaka wachezaji wa akiba na mguu ambao kila mmoja anaupigia. Nimempeleka uwanjani kwetu mara tatu, tukakaa jukwaa kuu ili asichomwe na jua. Mara ya kwanza alilala kipindi cha pili. Mara ya pili tulifunga, akaniuliza kwa nini hawaonyeshi marudio. Mara ya tatu, wiki mbili zilizopita, tulifungwa 3–0. Njiani kurudi akaniambia kwa upole kabisa: "Baba, si lazima uwapende."

Nilikosa jibu. Ndiyo maana nauliza: nyie mliingiaje? Mlirithi, mlifundishwa, au ilitokea tu? Na je, niendelee kumpeleka au nimwache?

HesabuZaSoka

Mkuu, umri wa mwanao si jambo dogo. Mwaka 2014 Mmarekani Seth Stephens-Davidowitz alichambua data za Facebook kuhusu mashabiki wa besiboli, akaona kwamba kwa wanaume timu inayotwaa ubingwa mtu akiwa na miaka 8 hivi ndiyo inayomganda zaidi akikua. New York Mets walibeba ubingwa 1969 na 1986, na wanaume waliokuwa na umri wa karibu miaka 8 katika miaka hiyo ndio walioonekana kuipenda zaidi.

Kuna na utafiti wa zamani wa Robert Cialdini na wenzake, uliochapishwa 1976. Waliwaangalia wanafunzi wa vyuo vikuu saba vya Marekani. Timu ya chuo ikishinda, Jumatatu wengi walivaa nguo zenye jina la chuo. Walipohojiwa kwa simu, ushindi ulikuwa "tumeshinda", kipigo kikawa "wamefungwa".

Kwa hiyo ubingwa unasaidia. Lakini kwa timu yako, mkuu, kuusubiri ubingwa si mkakati, na hao wa "wamefungwa" sio unaowatafuta.

MjukuuWaBabu

Kaka, pole na hizo tatu.

Nilianza kwenda uwanjani nikiwa na miaka 7 kwa sababu babu yangu alikuwa amepofuka. Presha ya macho ilimwondolea uoni wote ndani ya miaka michache. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akimpeleka, akapata kazi mbali. Redio haikutangaza mechi za daraja letu. Basi nikapewa mimi kazi hiyo, maana wakubwa wote Jumamosi walikuwa na shughuli zao.

Tulikaa safu ya tatu kutoka chini, karibu na kibendera cha kona. Babu alipachagua mwenyewe. Alisema juu kule anasikia watu tu, chini anasikia mpira. Mkono wake wa kulia ulikaa begani kwangu dakika 90 zote.

Siku ya kwanza nilimwambia, "Wanakimbia." Halafu, "Sasa wanakimbia huku." Akauliza mpira uko kwa nani. Nikasema kwa yule mwenye kichwa kikubwa. Akasema huyo ni namba 6, akanitajia jina lake, na tangu hapo nikalijua. Jezi zetu hazikuwa na majina mgongoni. Mimi namweleza mtu alivyo, yeye ananipa jina. Kufika mwezi wa tatu nilijua kwamba beki wa kushoto huvuta soksi juu kabla ya kila mpira wa kurusha, hata tukiwa nyuma na watu wanamzomea aharakishe. Nilijua kipa wetu akiguna kabla ya krosi ana wasiwasi, na babu alikuwa ameshaisikia hiyo guno kabla yangu.

Alikuwa na masharti. Kubwa ni kwamba sikuruhusiwa kusema "amekosa". Alitaka nimwambie mpigaji alikuwa wapi, alitumia mguu upi, na kipa alisimama vipi. "Kukosa nitakujua mwenyewe," alisema, na kweli, sauti ya watu ilikuwa inamwambia. La pili: nikiuona mpira wavuni, kabla sijafungua mdomo, nimtazame kwanza mshika kibendera.

Hilo la pili ndilo lililonifanya niwe nilivyo leo, na naomba nilieleze vizuri.

Nilikuwa na miaka 9. Mechi ya mwisho ya msimu, sare ilitosha kutubakiza. Tulikuwa nyuma 1–0 na mvua ilikuwa imeacha madimbwi kwenye eneo la penalti la upande tuliokaa. Dakika za mwisho tukapata kona, upande huohuo tuliokaa. Kipa akaupangua mpira, ukaanguka kwenye dimbwi na kukwama, watu sita wakaurukia, ukarudishwa ndani, na namba 9 wetu akausukuma kwa goti. Uwanja mzima ukalipuka. Mzee wa safu ya mbele aligeuka akamkumbatia babu. Babu alikuwa anacheka, mdomo wazi, uso umeelekea juu.

Na mimi nilikuwa namtazama mshika kibendera kama nilivyofundishwa. Bendera ilikuwa juu.

Watu waliotuzunguka hawakuwa wameona. Waliendelea kushangilia kwa muda, sijui sekunde ngapi, na katika muda huo mimi nilikuwa najua na babu hajui. Nilimvuta shati. Akainama. Nikamwambia sikioni, "Babu, bendera iko juu. Ameotea." Akauliza, "Nani? Tisa?" Nikasema ndiyo, tisa, alikuwa nyuma ya beki wa mwisho, hatua moja hivi. Akanyamaza, akarudisha mkono wake begani kwangu, akaubana. Ndipo makelele yakaanza kufa, safu kwa safu, kutoka upande wa refa kuja kwetu.

Tukashuka daraja.

Msimu uliofuata ratiba ilipotoka, sikusubiri kutumwa. Nilikwenda mwenyewe kumwamsha. Daraja la chini zaidi, timu ambazo hakuna aliyezijua, na mimi nilitaka kujua majina yote.

Nimefikiri sana kwa nini ilikuwa siku ile na si siku za ushindi, maana zilikuwepo. Naona ni kwa sababu siku ile sikuwa mtazamaji. Nilikuwa na jukumu, na jukumu lilikuwa zito, na nililibeba. Mtoto akishabeba kitu pamoja na watu, hawezi tena kuwaita "wao". Mwanao kwenye timu ya Ulaya ana mambo mengi ya kujua, na anayajua vizuri. Kwetu umempa kiti tu.

Kwa hiyo kaka, kama utaniruhusu: toka jukwaa kuu. Kaeni chini kwenye kona, mahali anaposikia wachezaji wanavyoitana na kulaumiana. Fikeni wakati wa kupasha misuli, maana pale ndipo wachezaji wanakuwa watu: mmoja anafunga bandeji, mwingine anaongea na mwanawe kwenye uzio. Na mpe kazi ya kweli, ambayo asipoifanya utakosa kitu. Mwambie amtazame beki wa kulia peke yake kwa dakika 15, wewe ufuate mpira, halafu akueleze.

Lile swali lake la marudio ni zuri sana, usilidharau. Uwanjani kwetu hakuna marudio. Mtu aliyekaa pembeni yako ndiye marudio yako.

Babu alifariki 2006. Bado nakaa safu ya tatu.

NilirudiMwenyewe

Dada hapo juu kanitoa machozi, lakini naomba niweke na upande wangu, maana BabaWaMzunguko ameuliza pia kama amwache.

Baba yangu alinilazimisha. Kila mechi ya nyumbani, nitake nisitake, na tukifungwa hakuna kuzungumza nyumbani mpaka Jumatatu. Nikiwa na miaka 15 nilikataa kwenda, na nikakaa miaka 12 bila kuukanyaga ule uwanja. Kosa halikuwa la timu. Nilichoka kubeba hasira za mtu mwingine.

Kilichonirudisha ni kusikia klabu inataka kufungwa kwa madeni. Mashabiki waliitana kwenda kupaka rangi na kuziba uzio ili uwanja upitishwe kwa msimu mpya. Nilikwenda nikidhani nitapaka nusu siku niondoke. Nilikwenda wiki tatu. Baada ya kuupaka ukuta kwa mkono wako, mtu akiuegemea unamwangalia.

Wajerumani wa Union Berlin wanalijua hili kuliko wote. Kati ya 2008 na 2009 mashabiki zaidi ya 2,000 waliujenga upya uwanja wao kwa kujitolea, takriban saa 140,000 za kazi. Mwaka 2019 walipopanda Bundesliga kwa mara ya kwanza, mechi ya ufunguzi dhidi ya RB Leipzig watu walikuja na picha kubwa za ndugu na marafiki zao waliokufa bila kuiona siku hiyo, wakaziinua juu jukwaani. Walifungwa 4–0. Nani anajali hizo nne?

Na wale wa Wimbledon, London: mwaka 2002 klabu yao iliporuhusiwa kuhamishiwa Milton Keynes, mashabiki waliunda AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa umma, wakaanzia daraja la tisa. Mwaka 2011 walikuwa wameshafika ligi ya kulipwa. Waliambiwa timu yenu ile kule, ifuateni. Wakakataa, kwa sababu timu ilikuwa hapa.

Kwa hiyo mkuu, usimlazimishe. Mlango wa kuingia haufungwi akifika miaka 9. Mimi niliingia nikiwa na 27, nikiwa na brashi mkononi.

DamuYaUtani

Mmesahau mtani. Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikatokana na waliojitenga 1936, na mpaka leo ndani ya nyumba moja utakuta kaka upande huu na dada upande ule, na kila mmoja anajua ratiba ya mwenzake kuliko yake. Mtafutie kijana rafiki wa darasani anayeshabikia timu ya jirani, waache wabishane. Akishaanza kuitetea timu kwa mdomo wake, moyo utafuata. Na hiyo ya Ulaya mwachie. Moyo wa mtoto una nafasi.

BabaWaMzunguko

Asanteni sana, wote. NilirudiMwenyewe, nimekusikia, na nimekumbuka jinsi nilivyonyamaza njiani siku ile ya 3–0. Nitalirekebisha hilo kwanza.

MjukuuWaBabu, jibu lako nimelisoma mara mbili, la pili nikamsomea mke wangu. Jumamosi hii tuna mechi, na tutakaa kwenye kona. Nina swali moja tu. Dakika za mapumziko, ambapo huyu wangu huomba simu, nyie mlikuwa mnafanya nini?

MjukuuWaBabu

Mapumziko ilikuwa zamu yake. Alinirudishia kipindi cha kwanza chote, kuanzia mpira wa kwanza, kama mtu aliyekiona kwa macho yake: nani alitoa pasi, nani alichezewa rafu, kona ngapi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsahihisha anapokosea.

Nilikuja kugundua nikiwa na miaka 12 hivi kwamba baadhi ya makosa aliyafanya kwa makusudi. Sikumwambia. Niliendelea kumsahihisha.